Nasaha kwa Mpwa Wangu Juu ya Nyumba ya Mji Mkongwe

Kwa mpwa wangu mpenzi,

Waraka wako umeniwasilia, nami nimefahamu kwamba mvua za vuli zimepenya paani, kwamba ncha za boriti mbili za chumba cha juu zimeoza ndani ya ukuta wenye ufa, na kwamba fundi mmoja amekushauri upige lipu ya saruji ukuta mzima, upate kutulia hata zitimie fedha za matengenezo yenyewe.

Usikubali. Wahenga walituusia tuzibe ufa, ila hawakutaja tuuzibe kwa kitu gani. Na nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, vitu ambavyo hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua, ilhali saruji ni ngumu kuliko chokaa hiyo na huyafungia maji ndani pamoja na chumvi yake, hata ukuta ukaharibika kwa siri nyuma ya uso mzuri. Majirani watakusifu kwa muda. Kisha lipu itabanduka na vipande vya mawe vikiwa vimeshikamana nayo, na gharama itakuwa imeipita ile uliyokuwa ukiikimbia. Tengenezo la muda, kwa rai yangu, ni lile liwezalo kuondolewa kesho pasipo kuacha jeraha.

Anza na maji, maadamu hayo ndiyo asili ya maradhi: bati lililotoboka lifunikwe kwa turubai lililofungwa imara, na mfereji wa paa uzibuliwe. Kisha zitegemeze boriti kwa nguzo zilizosimama juu ya ubao mpana, na chini yake barabara, katika chumba cha chini, zisimame nguzo nyingine, hata uzito ufike ardhini. Kwani nguzo iishiayo kwenye sakafu ya ghorofani haikuondoa mzigo, imezitwika boriti za chini, ambazo nazo zina umri ule ule. Hili mafundi wengi wa leo hulisahau, wala sistaajabu, kwa kuwa kazi wamejifunza katika nyumba za zege. Na lile tangi la lita 1000 lililo darini, uliloniandikia kwa fahari, likijaa maji huwa na uzito wa tani 1, mzigo ambao waliojenga dari ile hawakuufikiria kamwe.

Ufa wenyewe uache wazi. Bandika juu yake kidonge cha plasta, uandike tarehe. Kikipasuka, ukuta ungali unakwenda, na hapo usingoje akiba itimie, mwite mhandisi japo kwa kukopa. Hata jumba la Beit al-Ajaib la huko huko Mji Mkongwe, lililojengwa mwaka 1883 na lililokuwa na nguvu kuipita nyumba yetu mbali, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wakafa.

Ama fedha, sikulaumu kwa uhaba wake, lakini najua kwamba fedha iliyo mkononi huitwa na kila arusi na kila matanga. Ingia katika upatu, na zamu yako ikifika nunua chokaa, uizime, uihifadhi chini ya maji ndani ya pipa. Kadiri ikaavyo ndivyo inavyolainika na kuifaa kazi, ambapo mfuko wa saruji ukipitiwa na masika moja yenye unyevu hugeuka jiwe. Maombi ya kibali nayo yapeleke mapema kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe, usije ukasimamishwa hali mafundi wako juu ya ngazi.

Hayo mengine yatangoja. Mawili hayangoji: mhamishe mama yako alale chumba cha ua wa nyuma usiku wa leo, na tangi limwagwe maji na kushushwa kabla fundi yeyote hajapanda juu.

Wasalaam,
Mjomba wako