Safari ya Kaole na hesabu ya mwezi

Kazi ya katibu wa msikiti ni kuandika. Naandika mihtasari ya vikao, barua za michango, orodha ya watakaofuturisha. Na miaka michache iliyopita, katika likizo ya Juni, niliandika ratiba ya safari ya wanafunzi 22 wa sekondari wanaosoma dini kwetu nyakati za jioni. Wengi walikuwa wa hapa Makambako, wachache wa Njombe mjini, na hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuiona bahari. Tulikusudia kwenda Bagamoyo, kulala katika mahema siku mbili, na kutembea kwa miguu ufukweni hadi Kaole, mwendo wa kama kilomita 5, ili wauone kwa macho msikiti uliojengwa huko yapata karne ya 13.

Wazazi wa wavulana walikubali upesi. Kwa mabinti wanane ilibidi niende nyumba kwa nyumba, niwaeleze kwamba watafuatana na ustadhati wawili na mama mmoja wa kamati, na kwamba mahema yao yatakuwa mbali na ya wavulana. Mama mmoja, mjane anayeuza viazi sokoni, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, “Katibu, huyu ndiye niliye naye.” Nikamwambia kwamba mimi ndiye nitakayemchukua na mimi ndiye nitakayemrudisha. Akatia saini.

Tarehe niliichagua mwenyewe, tena kwa fahari kidogo. Watoto hawajazoea kulala nje, nikataka usiku uwe na mbalamwezi. Kwa hiyo nikaitazama kalenda ya Kiislamu, nikaweka safari tarehe 13, 14 na 15 za mwezi, zile siku nyeupe tunazohimizwa kufunga.

Tulitoka Makambako alfajiri tukiwa na masweta na mablangeti, tukapita Iringa, Morogoro, Chalinze na Msata, na Bagamoyo tulifika usiku, masweta yote yakiwa mapajani. Mahema tuliyafunga chini ya minazi, katika kiwanja cha Mwislamu mmoja aliyetukaribisha, Allah amlipe kheri. Mvulana mmoja alikuja kuniuliza kama barabara kuu iko karibu, maana alikuwa akisikia malori. Yalikuwa mawimbi. Sisi wa Makambako hatulali bila malori. Nadhani usiku ule alilala vizuri kuliko wote.

Siku ya pili ilikuwa ya mji na masomo. Asubuhi ya tarehe 15 tukashika njia ya ufukweni. Bahari ilikuwa imekwenda mbali mno, mchanga umetandaa kama uwanja, na mahali pa kuvuka mdomo wa kijito maji yalifika vifundoni tu. Watoto waliokota kombe na kukimbizana na kaa. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa akishona nyavu kando ya mtumbwi wake, alituinulia mkono. Nami nikamwinulia wangu, nikaendelea na safari.

Kaole iliwanyamazisha. Waliiona mihrabu imesimama ikielekea kaskazini, waliyaona makaburi yenye nguzo, na wakateka maji katika kisima kilicho jirani na bahari lakini maji yake si ya chumvi. Msimulizi wa pale alitueleza jinsi mikoko ilivyoiziba bandari ya kale. Tukaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, na kwa wanafunzi wengi ilikuwa mara ya kwanza kukitenda walichokisoma katika fiqhi kuhusu swala ya msafiri. Nilifurahi sana. Tulikula, tukakaa, tukachelewa. Ilipofika saa 9 na nusu nikawaambia turudi kwa njia ile ile.

Uwanja wa asubuhi haukuwepo tena. Palibaki utepe mwembamba wa mchanga kati ya maji na mikoko, na kila tukienda unazidi kuwa mwembamba. Wanafunzi sita waliotangulia, wasichana wawili miongoni mwao, hawakungoja. Walipofika kwenye kijito wakaingia kama walivyoingia asubuhi. Nilipopinda kona niliwaona wakiwa katikati, maji kiunoni, wameshikana mikono, baibui za wale mabinti zimelowa na kuwavuta. Mmoja wao alikuwa binti wa yule mama wa viazi. Mimi sijui kuogelea. Nilipiga kelele, nikaingia maji ya magoti, nikasimama.

Aliyewatoa ni yule mzee. Alikuja na mtumbwi akiusukuma kwa upondo, akawaamuru waushike ubavuni, akawavusha upande wa pili. Kisha akaturudia sisi, akatuonyesha kijia cha kupanda hadi barabarani.

“Ustadhi,” aliniambia, “leo mwezi kumi na tano. Haya ni maji ya bamvua. Asubuhi nilikupungia mkono ungoje nikwambie.”

Mwezi unapokuwa mpevu, na vile vile unapoandama, bahari hujaa kuliko kawaida na kupwa kuliko kawaida. Hapo pwani siku za bamvua maji hupwa sana kama saa 4 asubuhi na kujaa kama saa 10, asubuhi na jioni. Yule mzee na mimi tulikuwa tukihesabu mwezi mmoja. Nimefundisha Suratur-Rahman mara nyingi, nikafika pale panapotajwa jua na mwezi kwenda kwa hesabu, na sikuwahi kuwaza kwamba bahari nayo imo katika hesabu hiyo.

Tulirudi Makambako salama. Usiku ule ule niliandika taarifa ya kamati: “Safari ilianza na kumalizika kwa salama, alhamdulillah.” Hakuna neno la uongo ndani ya sentensi ile, na nilijua vizuri kwa nini niliipenda. Siku tatu ilikaa mezani bila saini. Siku ya nne nikaongeza aya moja, nikaikunja karatasi, na kabla ya kwenda kikaoni nikapita nyumbani kwa yule mama.

Nilimkuta akichambua viazi. Nilimsomea yote, pamoja na mkono wa mzee nilioudhani salamu, na mahali niliposimama kwenye maji ya magoti. Hakuonyesha kushangaa hata kidogo.

“Aliniambia usiku ule ule mliofika,” alisema. “Siku ya nne leo, katibu.”

Kisha akanisogezea kigoda.