Noti ya Tatu

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja alisimamishwa masomo baada ya mgomo wa kudai fedha za kujikimu. Alipewa saa chache kuondoka bwenini. Gitaa lake la umeme na spika yake vilikosa pa kwenda, nikamwambia avilete kwangu. Vilikaa sebuleni miezi miwili, vikinitazama kila nilipoandaa mihadhara, hata nikamwomba anifundishe.

"Tuanze na kodi za nguvu, mwalimu," alisema. (Watumishi wa umma msishtuke, si kodi ile.) Kidole cha shahada hubana uzi mnene kuliko zote, cha pete hubana uzi unaofuata, hatua mbili mbele, nyuzi nyingine hunyamazishwa. Umbo hilo moja hulisogeza kokote shingoni mwa gitaa bila kulibadili. Kwa mtu wa miaka 52 hiyo ni rehema, ingawa ncha za vidole ziliniuma wiki nzima. Akanisimulia habari za Tony Iommi, aliyekatwa na mashine ncha za vidole viwili kiwandani Birmingham, akajitengenezea vifuniko vya plastiki na kuendelea kupiga. Nikaacha kulalamika.

Nadharia ndiyo iliyonikaa moyoni. Kodi ya kawaida ina noti tatu: ya kwanza, ya tatu na ya tano. Ya tatu ndiyo huamua kama tunasikia furaha au huzuni. Kodi ya nguvu huiondoa hiyo, na ndiyo maana huvuma kwa uzito hata sauti ikikwaruzwa makusudi. Huvuma, wala haisemi iko upande gani.

Nilinyamaza. Tamko la wahadhiri kuhusu mgomo ule niliandika mimi. Rasimu ya kwanza ilisema wazi kwamba wanafunzi waliadhibiwa bila kusikilizwa. Sentensi hiyo niliifuta usiku wa kuamkia kikao, kwa kuwa mkataba wangu ulikuwa ukingoja kuhuishwa. Tukasoma yaliyobaki kwa kishindo: amani, mshikamano, weledi. Makofi yalipigwa. Mwaka 1958 Link Wray alitoa "Rumble", muziki mtupu usio na neno hata moja, na baadhi ya vituo vya redio vya Marekani vikakataa kuupiga kwa kuhofia ungechochea vijana. Tamko langu, lenye maneno kurasa mbili, halikumtia hofu hata mlinzi wa getini.

Jumamosi iliyopita nilimweleza. Alikuwa akikaza uzi, hakuinua uso.

"Nililisoma, mwalimu. Rasimu ya kwanza pia niliiona. Ilisambaa."

Kisha akanilazia kidole cha shahada juu ya nyuzi zote, akakichukua kidole changu cha kati na kukiweka kwenye uzi wa tatu kutoka chini. "Ile noti ipo hapa. Bana."

Nilibana. Ilitoka sauti ya kukwama, kama mlango wenye kutu. Rasimu ninayo bado, na kikao kinachofuata ni Alhamisi.