Mto wa Sufi

Bi mkubwa, Mungu amrehemu, hakuwa na imani na mabenki. Alipofariki hapa London mwaka 2023 tuliufumua mto wake ili tuichambue sufi, tukakuta kipande cha kanga chenye mafundo mawili. Moja lilikuwa na riale ya Maria Theresa ya 1780 (zote zimeandikwa 1780, hata zilizopigwa juzi). La pili, noti 30 za karatasi za pauni 20. Madukani hazipokelewi tangu Septemba 30, 2022, lakini Benki Kuu ya Uingereza huzibadilisha, basi hapo hapakuwa na taabu.

Taabu ilikuwa kikaratasi kilichofuatana nazo, kwa mkono wake, kwa herufi za Kiarabu: amana ya upatu, watu watano. Ami alikwishaanza kupiga hesabu za mirathi. Shangazi akamkatiza: amana si mali ya maiti. Yakazuka maneno, na Idi ile hatukula pamoja. Mwishowe ami alizipeleka benki mwenyewe, kimya.

Wanne tumewapata, au watoto wao, mmoja hadi Maskati. Wa tano ameandikwa “mwenye cherehani” tu. Kama mama yako alikuwa akishona nguo London yapata mwaka 2010, tafadhali tupigie. Pauni zake 120 zipo.