Barua kutoka Tennessee: kupimwa baada ya kuacha kazi

Upimaji wa afya kwa wafanyakazi wa zamani ni uchunguzi anaofanyiwa mtu aliyekwisha kuacha kazi, awe amestaafu, amepunguzwa au kiwanda chake kimefungwa, ili ijulikane kama vumbi, kemikali, kelele au mionzi ya kazini imemwachia madhara. Unahitajika kwa sababu magonjwa mengi ya kazini hayana haraka. Madhara ya asbesto huweza kuchukua miaka 20 hadi 40 kujitokeza. Vumbi la silika, lile linalotoka kwenye mwamba unapotobolewa, huendelea kukakamaza mapafu hata baada ya mchimbaji kurudi kijijini na kushika jembe. Siku anapoanza kuhema kwa kupanda kilima kidogo, mwajiri hayupo tena, daktari wa kampuni hayupo, na faili lake huenda limeliwa na mchwa.

Huku Tennessee mfano uko Oak Ridge, mji uliojengwa kwa siri kuanzia mwaka 1942 kwa ajili ya kurutubisha urani ya bomu la atomiki. Mafundi bomba, mafundi umeme, wafagiaji na walinzi walifanya kazi humo kwa miongo mingi, na wengi hawakuambiwa wanashika nini. Mwaka 1992 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuitaka Wizara ya Nishati iwatafute wafanyakazi wake wa zamani waliokuwa hatarini na kuwapima. Kazi yenyewe ilianza mwaka 1996. Kipimo ni bure, hurudiwa kila baada ya miaka 3, na hadi sasa makumi ya maelfu ya watu wamepimwa katika vituo vya nyuklia nchi nzima.

Kinachostahili kuangaliwa kwa makini ni hatua ya kwanza, kabla ya sindano wala mashine. Mzee hukaa na mtu wa kumhoji, na kwa mafundi wa ujenzi mhoji huyo mara nyingi ni fundi mwenzake aliyefunzwa kazi hiyo. Humuuliza alikuwa jengo gani, mwaka gani, alikata mabomba yaliyofungwa kwa kitu gani, nani alikuwa akipiga msasa karibu naye, na nguo za kazi zilifuliwa wapi. Swali la nguo si la kupitisha muda, maana wapo wake waliougua kwa kufua ovaroli zilizojaa asbesto. Fundi anayemuuliza fundi hupata majibu ambayo daktari kijana hangejua hata kuyaulizia.

Baada ya mahojiano ndipo huja zahanati: eksirei ya kifua inayosomwa kwa vigezo vya Shirika la Kazi Duniani, kipimo cha masikio, damu na mkojo, na kwa waliogusa madini ya beriliamu, kipimo maalumu cha damu kinachoonyesha kama mwili umeanza kuyakataa. Kuanzia mwaka 2000 gari kubwa lenye mashine ya siti skani lilianza kwenda kwenye miji ya viwanda hivyo, Oak Ridge ikiwa mmojawapo, kutafuta saratani ya mapafu ikiwa bado ndogo. Kisha huja barua ya majibu, ikieleza kilichoonekana, daktari wa kumwona na mahali pa kudai fidia chini ya sheria ya mwaka 2000.

Urani ya kwanza ya mradi wa bomu hilo sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, Katanga, nchi ya watu wanaosema Kiswahili. Mikono ya Wakongo ndiyo iliyochambua na kupakia mawe yale. Sheria ya Marekani inamhusu aliyefanya kazi kwenye vituo vya Marekani, haimhusu aliyeyachimba mawe hayo. Ni vigumu kusoma orodha ndefu ya vituo vinavyohusika bila kuona pengo hilo, na linauma.

Upimaji una mipaka yake, na anayeuhubiri bila kuitaja anawadanganya wazee. Silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika, haina dawa ya kuiondoa. Siti skani huonyesha vivimbe vingi visivyo na madhara, na mtu anaweza kuishi na hofu kwa miezi akisubiri kuhakikishiwa. Hata hivyo faida zipo. Mwenye silika mapafuni yuko katika hatari kubwa ya kupata kifua kikuu, hivyo huweza kuchunguzwa mapema na kupewa dawa ya kinga. Anayevuta sigara hupata sababu nzito ya kuacha. Aliyebanwa pumzi hupewa dawa ya kuvuta inayompunguzia taabu. Aliyeumia hupata cheti cha kumwezesha kudai haki yake.

Nikigeukia Tanzania, wilaya ya Kilosa mkoani Morogoro ina wafanyakazi wa zamani wengi, na sababu yake ni mkonge. Reli ya Kati ilifika Kilosa mwaka 1909, na mashamba makubwa yakaenea Kimamba, Rudewa, Msowero na kwingineko. Manamba, yaani vibarua wa mkataba, waliletwa kutoka Iringa, Songea, Kigoma na hata nje ya mipaka. Kuanzia mwaka 1944 kuajiriwa kwao kulisimamiwa na SILABU, ofisi ya pamoja ya wenye mashamba. Mwaka 1964 nchi ilivuna takriban tani 230,000, ikiongoza duniani. Bei iliporomoka kwa sababu ya kamba za nyuzi bandia, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na miaka iliyofuata korona, yaani viwanda vya kukwangua majani ya mkonge, zikanyamaza moja baada ya nyingine. Watu hawakuondoka. Wengi walibaki kwenye kambi na vijiji vya jirani, wakazeeka humo.

Kwenye korona, majani hukwanguliwa kwa mashine na maji mengi, na hapo hatari kubwa ni vidole na utomvu unaowasha ngozi. Singa, yaani nyuzi za mkonge, huoshwa, huanikwa juani kwenye nyaya, kisha hupelekwa brashi. Hapo ndipo penye vumbi. Mfanyakazi hushika fungu la singa kavu na kulilisha kwenye ngoma yenye meno inayozunguka kwa kasi, analivuta, analigeuza upande wa pili na kulilisha tena, kutwa nzima, na vumbi jeupe humjaa nyusi, puani na shingoni. Kinga iliyozoeleka ilikuwa kitambaa cha kufunga mdomoni. Utafiti uliochapishwa kuanzia mwaka 2007 na Akwilina Kayumba, akishirikiana na watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, ulionyesha wazi matatizo ya njia ya hewa kwa wafanyakazi wa viwanda vya mkonge nchini. Kayumba baadaye aliongoza Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, kwa hiyo serikali haiwezi kusema jambo hili ni geni kwake.

Ugonjwa unaotokana na vumbi la nyuzi za mimea, uwe wa pamba, kitani au mkonge, huitwa bisinosisi. Una alama moja ya ajabu: kifua hubana siku ya kwanza ya kazi baada ya mapumziko, yaani Jumatatu, na hulegea kadiri wiki inavyosonga. Mwanzoni ukiacha kazi unapona. Ukiendelea kwa miaka, njia za hewa hubaki zimebanwa moja kwa moja. Na eksirei haiuonyeshi. Picha hutoka safi kabisa, mzee huambiwa mapafu yako mazuri, hurudi nyumbani akikohoa. Akipimwa makohozi ya kifua kikuu na majibu yakawa hasi, hapo njia huishia. Asipotokea mtu wa kumuuliza kama aliwahi kufanya kazi brashi, na kama Jumatatu zilikuwa ngumu kuliko Ijumaa, ugonjwa wake hautapata jina.

Kipimo kinachofuata swali hilo ni cha pumzi. Spirometa ni kifaa kidogo, kinabebeka mkononi. Mpimwaji hukaa wima, hubanwa pua kwa kibanio, huvuta hewa mpaka mapafu yajae, kisha huipuliza yote kwa nguvu kwenye mrija, huku mpimaji akimhimiza apulize, apulize, asikate, kwa sekunde 6 au zaidi. Hurudiwa mpaka yapatikane majaribio matatu mazuri. Kinachotazamwa ni hewa iliyotoka katika sekunde ya kwanza ikilinganishwa na hewa yote. Muuguzi au tabibu aliyefunzwa anaweza kufanya kazi hiyo, na kifaa kimoja kinaweza kuhudumu Kilosa mjini wiki hii na Mikumi wiki ijayo.

Tanzania Bara ina sheria ya kuanzia. Sheria Na. 5 ya mwaka 2003 ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi inadai wafanyakazi wapimwe wanapoanza kazi na mara kwa mara wawapo kazini, na OSHA hupima pia wanaoondoka. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uliundwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi tarehe 1 Julai 2015, na magonjwa ya kazini yamo. Lakini mlolongo huo unamshika mtu akiwa bado ana mwajiri. Mzee aliyepiga brashi Rudewa mwaka 1975 hayumo. Kipimo cha kuondokea hufanyika mara moja, na hakuna anayemwita tena baada ya miaka 10.

Walio karibu zaidi na utaratibu kamili ni wachimbaji. Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, imekuwa ikiwachunguza wachimbaji wa tanzanaiti wa Mererani kwa silikosisi na kifua kikuu. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1973 inampa mchimbaji wa zamani haki ya kupimwa bure kila miaka 2, na mfuko wa Tshiamiso hulipa fidia kwa waliofanya kazi kwenye migodi ya dhahabu iliyomo katika makubaliano, kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Watanganyika wengi waliokwenda Joni, yaani Johannesburg, kupitia WENELA, wakala wa kuwaajiria wenye migodi wafanyakazi, walikuwa wamesharudi kabla ya tarehe hiyo.

Kwa Kilosa, kazi ya kwanza ni orodha. Kumbukumbu za mfuko wa akiba wa NPF, ulioanzishwa mwaka 1964 na kurithiwa na NSSF, ni mahali pa kutafuta majina ya wafanyakazi wa mashamba. Chama cha wafanyakazi wa mashambani, TPAWU, kinajua mashamba na idara zake. Watendaji wa vijiji na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanajua nani bado yu hai na anaishi nyumba gani. Wenye umri wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo tayari wana haki ya matibabu bure kisera, kwa hiyo mlango wa hospitali ya wilaya, na wa Mtakatifu Kizito kule Mikumi, unaweza kutumika bila kubuni idara mpya. Waliofanya kazi kwenye mashamba ya miwa ya Ruembe na kiwanda cha sukari waulizwe pia kuhusu kelele za mitambo na vumbi la makapi ya miwa.

Kundi la mwisho bado ni vijana. Ni wale waliotoboa mahandaki manne ya reli ya kisasa kwenye milima ya Kilosa, yenye jumla ya takriban kilomita 2.6, na ambao wengi sasa wameshatawanyika kwenye kazi nyingine. Hao hawahitaji kutafutwa kwenye nyaraka zilizooza. Majina yao, kazi waliyoishika na miezi waliyokaa ndani ya mwamba vinaweza kunakiliwa sasa kutoka kwenye orodha za mishahara na kukabidhiwa OSHA, wapigwe eksirei ya kwanza ya kulinganishia, na kila mmoja apewe nakala ya picha yake na tarehe ya kurudi.