Safari ya Chumvi: Kutoka Mabalako Mpaka Bahari

Ndugu msomaji, labda utajiuliza: safari ya basi inaingia namna gani katika kitabu cha mila? Tunakujibu mapema. Kwetu Bayira, kuenda mbali kwa kuongozwa, kisha kurudia na kitu mkononi, ni mila ya zamani. Wazee wetu waliifanya kwa miguu, kufuata chumvi ya Katwe. Sisi tuliifanya kwa gari, mwezi wa 8 mwaka 2025, watu 19 wa Mabalako, siku 17. Tulienda mbali kuliko wao, lakini tulianzia njia yao.

Aliyetutia hamu ni mzee mmoja wa jamaa yetu. Alikuwa amefika Katwe mara moja tu, kijana wa kuanza ndevu, nyuma ya baba yake. Jioni, kando ya moto, alikuwa anatuhesabia njia kwa vidole: Mangina, Beni, mto Semliki, Kasindi, Katwe. Alisema mambo matatu hayakuachwa. Kwanza, hakuna mtu alienda bila kiongozi, ni kusema mtu aliyekwisha kupita njia ile, mwenye kujua pa kulala, pa kuvukia, na nani wa kusalimiwa. Pili, hawakuenda mikono mitupu. Walipeleka maharagi na mbuzi za kubadilisha. Tatu, mwenye kurudia hakuingia kwake na mzigo umefungwa. Alifungua kwanza inje, kila jiko likapata chumvi yake, hata jiko la mjane asiye na mtu wa kutuma.

Babu yule alikufa mwaka 2018. Hakufa kwa Ebola, alikufa kwa uzee, lakini alikufa wakati wa Ebola. Tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka ule ugonjwa ulitangazwa pale Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako. Mpaka ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, watu 3.470 walikuwa wamehesabiwa kuwa wagonjwa, na 2.287 walikuwa wamekufa. Wakati ule maiti zilizikwa na watu wenye kuvaa mavazi ya plastiki. Babu hatukumwosha, hatukumshika mkono. Tulielewa sababu yake, na tunajua ilikomboa watu. Lakini tulibaki kama watu wenye deni.

Kuna jambo lingine. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji ya raia yalipoanza katika inchi ya Beni, neno safari lilibadilika maana kwetu. Mtoto akiona mama anafunga godoro, hasemi tunasafiri, anasema tunakimbia. Siku moja kijana mmoja wa kwetu alituambia: "Mimi njia zote ninazijua za kukimbilia. Sijue hata moja ya kutembelea." Neno lile lilituchoma. Ndipo tukaanza likelemba. Kwa miaka miwili kila jiko lilitoa kidogo baada ya kuuza kakao, na wengine walitoa kuku. Kiongozi tulimpata mfanyabiashara mmoja mzee, aliyepita njia ya Kampala na Mombasa miaka mingi kufuata mali. Alikubali kwa sharti moja: "Mukinifuata, hakuna kuulizana kila saa tutafika lini."

Tulitoka Beni asubuhi mapema. Barabara ya Kasindi inakata ndani ya mbuga ya Virunga, na mahali pengine hakuna aliyesema neno ndani ya gari. Wamama walikuwa wanaomba kimoyomoyo. Tulipovuka daraja la Semliki mawingu yakafunguka kidogo, na upande wa kushoto ukaonekana mlima Ruwenzori. Wengi wetu tunauona toka Beni siku za hewa safi, lakini kuupita miguuni mwake, Bulongo na Lume, ni jambo lingine. Kilele chake kinaitwa Margherita, kina metre 5.109, na juu yake kuna theluji karibu kabisa na ikweta. Jina la Margherita lilitolewa mwaka 1906 na mtu wa jamaa ya mfalme wa Italia aliyekipanda. Lakini theluji ilikuwa na jina zamani. Wazee wetu waliiita Nzururu, na walisema huko juu anakaa Kitasamba, na hakuna mtu wa kumchezea.

Upande wa pili wa mpaka tulikunywa chai kwa mama mmoja. Alituuliza tunatoka wapi. Tukasema Mabalako. Akarudi nyuma hatua moja. "Mabalako ya ile Ebola?" Tulimwelewa, kwa maana mwezi wa 6 mwaka 2019 ugonjwa ulivuka kweli mpaka Kasese. Lakini uliuma. Jina la kijiji lilifika mbele yetu, tena vibaya. Mama mmoja wetu hakukasirika. Alimsalimia tu kwa lugha yetu: "Wavukire." Yule akastuka, akajibu, kisha akacheka, akaongeza chai bila kuhesabu. Alikuwa Mukonzo, na Mukonzo na Muyira ni ndugu. Mwaka 1910 Waingereza na Wabelgiji walipatana kugawa mlima, ukoo mmoja ukajikuta ndani ya inchi mbili. Pale mezani tulianza kutafuta majina ya koo, na tuliyapata yaleyale.

Katwe si ziwa kubwa. Liko ndani ya shimo la volkano ya zamani, na maji yake hayana njia ya kutoka; jua linakausha, chumvi inabaki. Kando kando wamegawa vishamba kwa kuta za udongo na fito, kila kishamba na mwenyewe, na vingi vinarithiwa ndani ya jamaa. Kule katikati wababa wanasimama ndani ya maji makali wakivunja chumvi ya mawe. Kwenye vishamba wamama wanakusanya ile nyeupe. Ngozi za miguu zinapasuka. Lugard alijenga ngome hapa mwaka 1891, kwa sababu mwenye kushika Katwe alishika biashara ya inchi zote za jirani. Karibu na pale kuna mabaki ya kiwanda kikubwa cha miaka ya 1970. Yale maji yalikula mabomba ya chuma, kiwanda kikafa; lakini mama na karai yake bado anafanya kazi. Tulinunua mfuko mmoja wa kilo 50, tukauacha kwa ndugu zetu wa Kasese tuuchukue wakati wa kurudia. Kiongozi wetu alisema ndivyo ilivyokuwa zamani pia: hauwezi kusafiri bila nyumba ya kuacha mzigo.

Kampala tulifika usiku, na tunakubali kwamba ilitutia woga. Hapo ndipo mbadilishaji wa pesa wa barabarani alituhesabia noti mbele yetu, na tulipohesabu tena zilikuwa zimepunguka. Kiongozi hakutugombeza. Alisema tu: "Sasa mumelipa masomo."

Kesho yake tulienda Kasubi, mahali wanapolala wafalme wanne wa Buganda. Nyumba kubwa ya nyasi ilijengwa na Kabaka Muteesa wa Kwanza mwaka 1882, na alipokufa mwaka 1884 ikawa kaburi lake. Ndani ya paa mna pete 52, ni kusema koo 52 za Buganda. Usiku wa tarehe 16 mwezi wa 3 mwaka 2010 moto uliiteketeza yote. Tulisimama uani tukitazama ile mpya, na tuliuliza: iliwezekana namna gani? Walitueleza kwamba ukoo mmoja una kazi ya kuezeka, na wazee wake walikuwa bado hai wa kuonyesha vijana namna ya kufunga nyasi. Kazi ilichukua zaidi ya miaka 10. Mwaka 2023 UNESCO iliitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini. Mmoja wetu alisema polepole: "Kumbe nyumba inaweza kuungua, kama mikono haijakufa." Sisi tulifikiri mazishi yetu ya 2018, na wazee wangapi waliotutoka bila kuonyesha mtu.

Toka Kampala mpaka Nairobi ni usiku mmoja na zaidi ndani ya basi. Tuliona Nairobi kidogo, tukalala Voi.

Vijana walikuwa wanangojea jangwa. Mashuleni tunasoma kwamba jangwa ni mchanga na ngamia. Sisi watu wa msitu, ambao mvua inatugombeza karibu kila mwezi, tulikuwa na hamu ya kuona mchanga usiokwisha. Kumbe jangwa la Taru, kati ya Voi na bahari, si hivyo. Ni udongo mwekundu na miiba, miiba na udongo mwekundu, mpaka macho yanachoka. Miti haina majani, ina kijivu kama mifupa. Tulisimama karibu na Taru penyewe, na Mduruma mmoja akatuongoza kwenye mwamba wenye mashimo yanayoshika maji ya mvua. Zamani misafara ya kutoka pwani ilitegemea mashimo haya. Wapagazi wakiyakuta makavu, wengine hawakuendelea. Siku ile tulikuta tope tu. Wamama walikuwa wanapita na bido za njano kutafuta maji mbali, na wamama wetu walishuka kuwabebesha kidogo. Mmoja alisema: "Nyumbani ninagombana na matope. Nikirudia sitagombana tena." Tulicheka, lakini tulijua amesema kweli.

Pale tuliambiwa pia habari ya Rebmann. Mwaka 1848 alipita inchi hii kavu toka Rabai, akaona theluji juu ya Kilimanjaro. Ulaya wenye elimu walimcheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Sisi tuliangaliana. Kama wangekuja kuuliza bibi zetu, wangeambiwa Nzururu.

Kisha Mombasa, na bahari. Hatutasema mengi juu ya bahari. Tulionja maji yake kwa kidole, na wote kwa pamoja tukasema: Katwe!

Mzee mmoja wa Mji wa Kale alituongoza siku nzima. Alituonyesha milango ya kuchongwa na misikiti ya zamani. Alituingiza katika Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na ambayo Waomani waliitwaa mwaka 1698 baada ya kuizunguka karibu miaka mitatu. Alitusalimia "Shikamooni," nasi tukajibu "Jambo, mzee," akatabasamu. Baada ya saa moja akashindwa kujizuia:

"Kiswahili chenu kinanifurahisha, lakini mlikiokota wapi?"

"Mzee, hatukukiokota. Tulizaliwa nacho."

Ndipo alipotueleza, akiwa amekaa juu ya mzinga wa zamani. Kiswahili chetu hakikupita Taru. Kilipita Bagamoyo, Tabora na Ujiji, kikavuka Tanganyika mpaka Kasongo na Nyangwe katika Manyema, wakati wa Tippu Tip, kisha kikapanda kaskazini mpaka misitu yetu. Kilikuja na misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa. Watu wa misafara walijiita waungwana, ndiyo maana Kiswahili cha kwetu kiliitwa Kingwana. Mzee hakuficha. "Njia iliyowaletea lugha hii ilikuwa mbaya," alisema. "Lakini leo tunakaa hapa mimi na nyinyi, na hakuna mkalimani."

Kisha akauliza: "Na hiyo Mabalako ni wapi?"

Tukanyamaza. Hakujua. Safari hii jina letu lilikuwa halijatutangulia. Ilikuwa juu yetu kulisema vizuri au vibaya, na watu wazima tulikosa pa kuanzia. Ni yule kijana wa njia za kukimbilia aliyejibu: "Ni kwenye kakao, mzee. Ukitoka Beni, unapita Mangina. Ukiwa Beni asubuhi, mvua ikiisha kunyesha, unaona theluji. Uje, tutakuongoza." Mzee akaandika jina katika kikaratasi, akakiweka mfukoni.

Tulirudia kwa njia ileile, tumechoka, mfuko wa chumvi katikati ya magoti. Mabalako tulifungua inje, mbele ya watu, kama Babu alivyosema. Kila jiko kikombe kimoja, na majiko ya wajane yakatangulia. Munganga wetu alituonya tusiache chumvi ya duka yenye iodi, kwa sababu ya ugonjwa wa shingo. Basi wengine waliipa mbuzi, wengine wameifunga katika kitambaa na kuiweka. Kikombe cha mwisho tulikipeleka kaburini. Tulisimama pale pamoja, mara hii karibu, bila mtu wa kutukataza, na watoto walihesabu kwa vidole: Mangina, Beni, Semliki, Kasindi, Katwe. Kisha wakaongeza wenyewe: Kasese, Kampala, Nairobi, Voi, Taru, Mombasa.

Ombi letu kwa wandugu wote wa shirika ni hili. Usalama ukituruhusu, kila mwaka tutume vijana wanne au watano na kiongozi mmoja, hata kama ni mpaka Katwe tu. Wazee waliobaki wawaonyeshe njia kabla hawajatutoka.