Daftari la binti yangu lilinifunza bei halisi ya mji wa bei nafuu

Koti la baridi la binti yangu tulilinunua Karume, kwenye mitumba, siku ya jua kali mwanzoni mwa Septemba 2023. Muuzaji alicheka. "Mama, hili nimekaa nalo mwaka mzima. Nani atalivaa Dar?" Akatuachia kwa shilingi 15,000. Lilikuwa zito kama godoro la mtoto, na kwenye kola lilikuwa na lebo ya duka la Ujerumani. Nikamwambia mwanangu, "Koti linarudi kwao, wewe unalisindikiza tu."

Tulirudi kwa miguu hadi dukani kwangu Kariakoo, ninakouza vitenge na khanga. Kabla ya magharibi mtaa mzima ulikuwa unajua: binti wa Mama Vitenge anakwenda kusoma Ulaya. Niliyesema ni mimi. Sikuacha mtu.

Alikuwa mwaka wa tatu chuoni. Chuo chake kina makubaliano na chuo cha Olomouc, mji ulio mashariki ya Jamhuri ya Czech, na kila mwaka wanafunzi wachache hubadilishana kwa muhula mmoja. Ada hulipi kule, na kila mwezi unapewa posho. Mimi mji huo sikuwahi kuusikia. Nilichojua kuhusu watu wa nchi hiyo, na nilikuja kukijua baadaye, ni viatu vya Bata tulivyovaa shuleni. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 1894 katika mji wa Zlín, ambao hauko mbali na Olomouc.

Tulichoambiwa ni kwamba ni mji wa bei nafuu. Ni kweli. Olomouc ina watu takriban 100,000, na chuo chake, kinachoitwa Palacký, kina wanafunzi zaidi ya 20,000. Chuo hicho kilianza mwaka 1573. Mji ukishakuwa na wanafunzi wengi kiasi hicho, mabweni, kantini na maduka hujipanga kwa mifuko yao. Binti yangu alisema waliopangiwa Praha, mji mkuu, walikuwa wakilia kwa kodi. Yeye alilipa bweni koruna 3,900 kwa mwezi. Koruna moja wakati ule ilikuwa kama shilingi 110 zetu, kwa hiyo piga hesabu: laki nne na elfu ishirini na tisa. Kwa chumba cha watu wawili, joto na maji ndani, si mbaya kwa Ulaya.

Wiki za mwanzo simu zilikuwa za kucheka tu. Alinisimulia kuwa "ndiyo" kwa Kicheki ni "ano", na wenyewe hufupisha wakasema "no". Siku ya kwanza dukani aliuliza kama wana mchele, muuzaji akamjibu "no, no", akatoka zake mikono mitupu. Kumbe alikuwa anaambiwa upo.

Alinieleza kuwa ukiingia dukani bila kusalimia unaonekana huna adabu, na kwamba ukikaribishwa nyumbani kwa mtu unavua viatu mlangoni. "Mama, hawa ni watu wa pwani waliokosa bahari," alisema. Kuna jibini la pale Olomouc linalonuka kiasi kwamba alipolifungua mwenzake chumbani, yeye alikumbuka ng'onda wa sokoni kwetu, machozi yakamtoka kwa hamu ya nyumbani. Neno la kwanza alilojifunza kusoma kwenye orodha ya chakula lilikuwa la nyama ya nguruwe, ili alipite.

Nilikuwa napokea simu zile kaunta, nikiwa nimeweka sauti kubwa ili wateja wasikie. Sasa ndipo nilipoanza makosa.

Oktoba kulikuwa na kitchen party ya binti wa dada yangu. Kamati ilinipangia mchango mkubwa kuliko wa wengine. Mwenyekiti alisema mbele za watu, "Wewe si una mtu Ulaya?" Badala ya kukataa, nilitabasamu. Usiku nikamwandikia mwanangu: kama kuna kilichobaki kwenye posho, nisaidie kidogo, nisiaibike. Baada ya siku mbili pesa ikaingia.

Novemba ilikuwa mchango wa shule ya mdogo wake na mzigo niliokuwa naupungukia. Nikaomba tena. Ikaingia.

Desemba ikaja kodi ya fremu. Wenye maduka Kariakoo mnajua: mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, na ukichelewa yupo mwingine mlangoni na fedha taslimu mkononi. Tangu Soko Kuu lilipoungua Julai 2021, biashara ya upande wetu haikuwa imetulia. Nilipungukiwa karibu laki tano. Nilimpigia, sikuandika safari hii. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, Mama. Kesho."

Kule kunyamaza nilikusikia. Ninawaambia ukweli, nilikusikia, nikajifanya mtandao unakatika.

Siku ya Krismasi nilimpigia kwa picha. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili jioni, kwao saa kumi, na dirisha nyuma yake tayari lilikuwa linaingia giza. Alikuwa amevaa lile koti la Karume ndani ya chumba. Nikamuuliza mbona koti, na joto lipo? Akasema ametoka nje kidogo. Nikamuuliza amekula nini. "Nimekula, Mama, alhamdulillah." Nyuma yake kulikuwa kimya, kimya ambacho Kariakoo hukipati hata saa tisa za usiku. Nikamwambia kodi nimelipa, Mungu ambariki. Tukaagana.

Alirudi katikati ya Februari 2024. Uwanja wa ndege nilimpita bila kumtambua. Nilidhani ni baridi; watu husema baridi inakausha. Nyumbani alikula wali na samaki sahani mbili, akalala saa kumi na nne.

Miezi michache baadaye mdogo wake naye alianza kuuliza habari za kwenda. Nikamwambia dada yake atuletee hesabu zake, tujue mtu anahitaji kiasi gani. Akasitasita. Akasema zipo kwenye daftari, atazinakili upya. Nikamwambia leta hilo hilo, mimi hesabu ndiyo kazi yangu. Nimesoma madaftari ya wadeni miaka kumi na minane. Najua mtu anayelipa kwa shida anavyoandika.

Lilikuwa daftari dogo la mistari. Kila mwezi kurasa mbili. Juu: posho, koruna 11,000. Chini yake: bweni 3,900. Simu na intaneti 400. Halafu chakula, siku kwa siku. Chakula cha mchana kwenye kantini ya chuo, wenyewe wanaiita menza, kilikuwa koruna 80: supu, sahani yenye nyama au mboga, na wali au viazi. Oktoba alikula menza mara 20. Na chini ya ukurasa mstari mmoja: "Mama, 1,500".

Novemba alinunua viatu vya theluji, 1,400. "Mama, 2,500". Menza mara 11.

Desemba: "Mama, 4,500". Menza mara tatu.

Nilichukua kikokotoo changu cha dukani. Elfu kumi na moja, toa bweni, toa simu, toa zangu. Zilibaki 2,200. Gawanya kwa siku 31: koruna 71 kwa siku. Sahani moja ya menza ilikuwa 80.

Mtu anaweza kusema 71 ni karibu shilingi 7,800, na kwa pesa hiyo Kariakoo unakula asubuhi, mchana na jioni. Mimi mwenyewe ndivyo nilivyokuwa nafikiri nilipokuwa naomba: Ulaya hawezi kukosa. Lakini mtoto hali kwa bei za Kariakoo. Anakula kwa bei za pale alipo. Kurasa za Desemba zilijaa neno moja, "rohlík", vile vimkate vyao virefu vya koruna tatu. Vimkate vinne. Vimkate vitano na mayai. Mchele. Chai.

Nikafika tarehe 25. Pale palikuwa na maandishi haya: "Samaki, saladi ya viazi, biskuti. Bibi wa mapokezi. 0."

Nilimwita nikamuuliza. Ndipo aliponieleza. Krismasi kule wanafunzi wote huenda makwao, bweni linabaki tupu. Maduka makubwa hufungwa tangu mchana wa tarehe 24 hadi yaishe yale ya 26. Ndivyo sheria yao ilivyo. Yeye alikuwa amebakiwa na mchele na vimkate vya juzi. Yule bibi mlinda mlango, mtu mzima wa umri wa mama yangu, aliyekuwa kila siku wakisalimiana tu kwa Kicheki cha kuokoteza, alikuja zamu na kontena la plastiki. Ndani kulikuwa na samaki wa kukaanga na saladi ya viazi, chakula chao cha mkesha, na biskuti ndogo ndogo za nyumbani. Hakuwa na lugha ya kumueleza. Alimwekea mezani, akamwonyesha kwa mkono: kula.

Saa ile niliyompigia, ndicho alichokuwa ametoka kula. Hakunidanganya. Alikuwa amekula, kwa mkono wa mama wa mtu mwingine, siku ambayo mimi nilikuwa nimelipa kodi kwa chakula chake.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akainamisha macho. "Ningekwambiaje, Mama? Ulikuwa umeshawaambia watu wote."

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina.

Mzazi mwenzangu, sikuandika haya ili unionee huruma. Nimeyaandika kwa sababu nawajua wengi tuliofanana. Mtoto akipanda ndege, ukoo mzima unahamia kwenye begi lake. Yule anaomba simu, huyu mchango, na sisi wazazi, badala ya kuwa ukuta, tunakuwa mlango. Posho ya mwanafunzi imepigiwa hesabu tumbo moja. Waliopanga kiwango chake waliangalia bweni, kantini na nauli za mji ule. Hawakuangalia kodi ya fremu wala kitchen party. Mji unakuwa wa bei nafuu kwa mtu aliyeachiwa posho yake yote.

Kwa hiyo haya ndiyo tuliyokubaliana nyumbani kabla mdogo wake hajajaza fomu yoyote.

Kwanza, hesabu inafanywa kwa sarafu ya kule, na kipimo ni sahani moja ya kantini. Nikitaka kujua laki moja ni nini, nagawa kwa sahani. Ukifanya hivyo mkono unakuwa mzito kuandika "nisaidie".

Pili, miezi ya mwanzo ya baridi ina gharama ambazo hazimo kwenye karatasi za chuo: viatu, soksi nzito, dawa za mafua. Pesa hiyo anaondoka nayo. Naweka shilingi 5,000 kila siku niliyouza, kwenye kikoba, kwa jina lake, na haigusi mtu.

Tatu, siku za sikukuu zao tunauliza mapema: nani anabaki bwenini, maduka yanafungwa lini, utakula wapi. Njaa ya siku mbili ukiwa peke yako kwenye jengo tupu si sawa na njaa ya nyumbani.

Nne, akisema "sawa, Mama" baada ya kunyamaza, nitauliza tena.

Zile koruna 8,500, karibu shilingi 935,000, nilitaka kumrudishia binti yangu. Alikataa. Akasema kama nataka kulipa, kuna mtu mmoja wa kulipwa. Septemba iliyofuata mwanafunzi mwingine wa chuo chao alikuwa anakwenda Olomouc. Nilipanda ngazi ya dukani, nikashusha majora, nikachagua kwa saa nzima kama ninayemchagulia mkwe. Mwisho nikachukua doti ya khanga nyekundu na nyeupe, yenye jina "Wema hauozi". Binti yangu aliandika maana yake kwa Kicheki kwenye karatasi, akaibandika kwa pini.

Mwezi uliofuata tulitumiwa picha. Bibi yupo kwenye kiti chake cha mapokezi, funguo nyuma yake ukutani, amejifunga khanga mabegani juu ya sweta, kipande kimoja. Cha pili amekitandika mezani, palepale alipoweka lile kontena.

Picha nimeibandika dukani, karibu na kikokotoo. Wateja wakiniuliza huyu mzungu ni nani, nawaambia ni mtu aliyenilishia mwanangu. Wengine husubiri niendelee na habari za Ulaya. Siku hizi naishia hapo.