Mafuta ya Lorenzo na Waliomgeuza Kitandani

Lorenzo Odone alizaliwa mwaka 1978, na utotoni aliishi Komoro, ambako baba yake, Augusto, alikuwa akiifanyia kazi Benki ya Dunia. Mwaka 1984, familia ikiwa Marekani, mtoto aligunduliwa na adrenolukodistrofia, ugonjwa anaourithi mvulana kupitia mama, unaoharibu utando wa mafuta unaofunika neva za ubongo. Madaktari walisema hataishi zaidi ya miaka miwili hivi.

Ushauri wa kwanza ulihusu chakula: asile vyenye asidi za mafuta za mnyororo mrefu sana, zile zinazorundikana mwilini mwa mgonjwa. Akakatazwa hiki na kile, damu isibadilike. Mwili huzitengeneza asidi hizo wenyewe. Walikuwa wamefunga mlango kumbe chemchemi imo ndani ya nyumba. Augusto na mkewe Michaela, ambao hawakuwa madaktari, wakazama maktaba hadi wakapata mchanganyiko wa mafuta unaouzuia mwili kuzitengeneza. Kiwango cha asidi hizo katika damu kikashuka katika wiki chache. Lakini Lorenzo hakurudi kutembea.

Filamu ya mwaka 1992 iliyosimulia habari zao ilitia chumvi matumaini. Mwaka 2005 daktari Hugo Moser alichapisha matokeo ya wavulana wenye kasoro hiyo ambao bado hawakuwa na dalili: walioshusha asidi hizo kwa mafuta yale walipata madhara machache zaidi ubongoni. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, ndiyo maana ubishi haujaisha. Kwa aliyekwisha kuugua ubongo, mafuta hayakuzuia kitu.

Lorenzo alifariki mwaka 2008, siku moja baada ya kutimiza miaka 30. Wengi huyasifu mafuta. Mimi nawasifu zaidi waliomgeuza usiku, wakamfyonza makohozi na kumlisha kwa mpira, akiwemo rafiki aliyetoka Komoro kwenda kumtunza. Tunapenda dawa yenye kisa. Uuguzi hauna kisa, una zamu tu. Tena chakula kikishasifiwa mno, lawama humrudia mama: ulimlisha nini? Hakumlisha kitu kibaya. Ni jeni.

Kwa hiyo, mtoto wa kiume akikutwa na ugonjwa huu, kaka zake, wajomba zake na watoto wa mama zake wadogo na wakubwa wapimwe damu mapema, kabla dalili hazijaanza. Wakati huo upandikizaji wa uboho unaweza bado kusaidia, na tezi za adrenali zikilegea kwa ugonjwa huu, zina dawa.